Istilahi za Ulinzi wa Kujitolea: Mgambo, Walinzi wa Nyumbani na Visanamu Vyao

Miongoni mwa maswali yanayowafikia wanaoshughulikia istilahi, yako yanayohusu sayansi na sheria, na yako yanayohusu mambo ambayo wengi wangeyaita ya mchezo. Swali tunalolijadili hapa ni la aina ya pili, lakini jibu lake linafika mbali kuliko mchezo. Limetoka kwa mwalimu wa historia wa Busunzu, katika nyanda za juu za Kigoma kati ya Kasulu na Kibondo. Amepata sanduku la sanamu ndogo za askari zisizopakwa rangi, pamoja na karatasi ya maelekezo kwa Kiingereza. Sanamu hizo zinawaonyesha raia wa Uingereza waliojitolea kulinda miji na vijiji vyao wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, nazo zimeigwa kutoka katika mchezo wa kuchekesha wa televisheni uitwao Dad's Army, yaani Jeshi la Akina Baba. Mwalimu anakusudia wanafunzi wake wazipake rangi wanapojifunza historia ya vita hivyo. Anauliza mambo mawili: watu hawa waitweje kwa Kiswahili, na maelekezo ya kupaka rangi yatafsiriweje?

Tutaanza na jina, kwa kuwa ndilo lenye uzito zaidi.

1. Dhana kabla ya neno

Katika kazi ya istilahi dhana huchunguzwa kwanza, na neno hutafutwa baadaye. Tarehe 10 Mei 1940 majeshi ya Ujerumani yaliivamia Ufaransa na nchi jirani zake za kaskazini. Siku nne baadaye Anthony Eden, aliyekuwa Waziri wa Vita wa Uingereza, alitangaza redioni kwamba serikali inawahitaji wanaume wenye umri wa miaka 17 hadi 65 kujitolea kulinda maeneo yao dhidi ya askari wa miavuli. Watu walianza kufika katika vituo vya polisi kabla hotuba haijamalizika, na kufikia mwisho wa Julai walioandikishwa walizidi milioni moja. Hawakulipwa mshahara. Mchana walikuwa wakulima, makarani, wauza duka na wafanyakazi wa reli. Jioni walipiga kwata na kushika zamu.

Jina lao la kwanza lilimaanisha Watu wa Kujitolea kwa Ulinzi wa Mahali, na herufi zake tatu, LDV, ziliandikwa kwenye ukanda uliovaliwa mkononi kabla sare hazijapatikana. Wenye mzaha wakadai kwamba herufi hizo ni kifupi cha maneno "tazama, inama, toweka". Waziri Mkuu Churchill hakulipenda jina hilo, na mnamo Julai 1940 likabadilishwa kuwa Home Guard. Eden alisitasita kwa sababu mikanda ipatayo milioni moja ilikuwa imekwisha kutengenezwa. Wanaistilahi na wakumbuke kisa hiki: jina likichaguliwa kwa haraka, gharama ya kulibadilisha hulipwa na mtu mwingine.

Walinzi hao walisimamishwa kazi Desemba 1944, na kikosi kikavunjwa rasmi mwisho wa 1945. Kazi yao haikuwa ya kuchekesha. Baadhi yao walihudumu kwenye mizinga ya kutungulia ndege, na wapatao 1,200 walikufa wakiwa kazini.

Kicheko kililetwa baadaye na televisheni. Dad's Army ilitungwa na Jimmy Perry na David Croft, ikaonyeshwa na BBC tangu tarehe 31 Julai 1968 hadi 13 Novemba 1977, sehemu 80 kwa jumla. Perry mwenyewe aliwahi kuhudumu katika kikosi hicho alipokuwa kijana, na aliyajua aliyoyaandika. Katika mji wa kubuni wa Walmington-on-Sea, Kapteni Mainwaring ni meneja wa benki, na sajini wake, Wilson, ni karani wake mkuu aliyezaliwa katika tabaka la juu kuliko bosi wake. Koplo Jones ni mzee muuza nyama aliyepigana Sudan katika ujana wake. Frazer ni mtengeneza majeneza. Pike ni kijana ambaye mama yake bado anamfunga skafu shingoni. Watazamaji waliwacheka kwa majivuno yao na kwa silaha zao duni, lakini kwa woga hawakuchekwa, kwa maana kila hatari ilipokuja walisimama mahali pao.

Msomaji wa Tanzania asitarajiwe kuyajua hayo. Zanzibar ilianza televisheni mwanzoni mwa miaka ya 1970, na Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka 1994. Kwa hiyo mfasiri hana budi kuyaeleza, na asidhani kwamba jina pekee litaamsha kumbukumbu.

Kutokana na maelezo hayo tunapata sifa nne za dhana: kwanza, ni raia wanaoendelea na kazi zao, pili, wamejitolea, tatu, wamefunzwa nao wako chini ya jeshi halali la serikali, nne, wanalinda mahali wanapoishi. Neno tutakalolichagua lipimwe kwa sifa hizo.

2. Majina yanayogombea

(a) Walinzi wa nyumbani. Hii ni tafsiri ya neno kwa neno, na ndiyo inayomjia mfasiri upesi. Katika Kiswahili "nyumbani" huweza kumaanisha nchi ya mtu, hasa anapokuwa ugenini. Lakini likiunganishwa na "mlinzi", maana ya kwanza inayokuja akilini ni yule bwana anayekesha langoni na tochi na rungu, akilipwa na mwenye nyumba. Sifa ya kwanza, ya pili na ya tatu zote zinapotea. Mwanafunzi atadhani Waingereza milioni moja walikuwa wakilinda mageti.

(b) Homugadi. Neno hili lilitoholewa na watu wenyewe nchini Kenya, na kwa upande wa matamshi halina kasoro. Kasoro yake ni historia. Wakati wa vita vya Mau Mau, serikali ya kikoloni iliunda kikosi cha walinzi miongoni mwa Wakikuyu walioiunga mkono, kikawekwa rasmi mwaka 1953. Tangu hapo, kwa Wakenya wengi, homugadi ni mtu aliyeshika silaha ya mkoloni dhidi ya jirani yake. Jina ni lilelile la Kiingereza, lakini watu wake si walewale: Mwingereza wa mwaka 1940 alijiandaa kumzuia mvamizi asiingie nchini, na homugadi alimlinda mtawala aliyekwisha kuingia. Neno lenye jeraha la namna hiyo halifai kuwa istilahi ya jumla. Libaki katika historia ya Kenya, ambako lina kazi yake.

(c) Sungusungu. Hawa ni siafu wakubwa weusi wanaouma kwa pamoja, na jina lao lilichukuliwa na makundi ya ulinzi wa jadi yaliyoanza Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wizi wa ng'ombe. Mwaka 1989 sheria za mgambo zilirekebishwa ili makundi hayo yapate nafasi kisheria. Huko Kigoma neno hili lilienea pia katika kambi za wakimbizi, ambako walinzi waliochaguliwa na wakimbizi wenyewe waliitwa sungusungu. Linatimiza sifa ya kwanza, ya pili na ya nne. La tatu halitimizi, kwa sababu sungusungu humkamata mwizi, wala hangojwi kupambana na jeshi la kigeni.

(d) Mgambo. Hapa ndipo tunapokaribia. Zamani neno hili lilihusu wito kwa watu wote: ilipigwa mbiu, yaani pembe ya nyati, ili watu wakusanyike wasikie tangazo. Methali ingali inasema kwamba mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Baadaye jina la wito likawa jina la walioitikia wito. Mwongozo wa TANU wa Februari 1971, uliotolewa muda mfupi baada ya Guinea kuvamiwa na baada ya Idi Amin kuipindua serikali ya Uganda, uliagiza wananchi wafunzwe ulinzi. Vita vya Kagera vilipozuka Oktoba 1978, maelfu ya mgambo waliungana na Jeshi la Wananchi wa Tanzania, na Kampala ikatekwa tarehe 11 Aprili 1979.

Mgambo basi anatimiza sifa zote nne au karibu zote. Sifa ya kujitolea ndiyo pekee isiyokuwamo ndani ya neno lenyewe, nayo inaweza kuongezwa. Hotuba ya Eden ya mwaka 1940, kwa lugha yetu, ilikuwa mbiu ya mgambo hasa. Pendekezo letu kwa mwalimu wa Busunzu ni mgambo wa kujitolea, na panapohitajika kutaja nchi, mgambo wa kujitolea wa Uingereza. Mmoja wao aitwe askari mgambo.

3. Mgambo wa aina mbili

Pendekezo hilo lina kikwazo kimoja, na kikwazo hicho ndicho kilichotufanya tuone kwamba swali la mwalimu si la mchezo.

Kwa miaka mingi watangazaji na waandishi wa habari wamekuwa wakitumia neno "wanamgambo" kutafsiri neno la Kiingereza linalotaja kundi lolote la raia wenye silaha. Interahamwe wa Rwanda wa mwaka 1994 waliitwa wanamgambo. Makundi ya waasi ya mashariki mwa Kongo huitwa wanamgambo. Imbonerakure wa Burundi waliitwa hivyo katika habari za mwaka 2015. Wafasiri walifuata kamusi, na kamusi haikuwadanganya. Ila neno la Kiingereza lina tumbo kubwa, hubeba walio halali na wasio halali pamoja, na neno letu halikuumbwa hivyo.

Fikiria hali ya nyanda za Kigoma. Kambi ya Nyarugusu ilianzishwa Kasulu mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Kongo. Kambi ya Nduta, Kibondo, ilifunguliwa tena mwaka 2015 kwa ajili ya Warundi. Mtu alivuka mpaka akiwakimbia watu ambao redio ya Kiswahili iliwaita wanamgambo. Upande wa pili wa mpaka akaambiwa, kwa Kiswahili hichohicho, kwamba mgambo atampeleka kuandikishwa. Aliyezaliwa na neno hilo hutambua tofauti kwa kuangalia muktadha. Aliyelisikia mara ya kwanza katika habari za mauaji hana sababu ya kuitambua. Katika mahojiano ya wakimbizi, katika hati za mahakama na katika taarifa za wilaya, mchanganyiko huo unaweza kumfanya shahidi aonekane amemtuhumu mlinzi wa kijiji kwa makosa yaliyotendwa na muuaji wa nchi nyingine.

Uko upande mwingine pia. Katika miji yetu, kwa mchuuzi wa barabarani, mgambo ni mtu anayemfukuza na kubeba bidhaa zake. Hiyo ni lawama juu ya matendo, nayo inajadiliwa mahali pake, haibadilishi dhana. Askari aliyekwenda Kagera na yule anayefukuza wachuuzi wametajwa kwa neno moja kwa kuwa wote wametokana na chombo kimoja. Imbonerakure hakutokana nacho.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba neno "mgambo", na mtu wake "askari mgambo", litumike kwa raia waliofunzwa na kuwekwa chini ya mamlaka ya nchi kwa mujibu wa sheria. Makundi mengine yaitwe makundi yenye silaha, na watu wake wapiganaji wa makundi yenye silaha. Maneno hayo ni marefu zaidi, lakini hayahitaji kuelezwa, wala hayamchafui mtu asiyehusika. Mtangazaji mwenye dakika tatu za habari anaweza kusema "wapiganaji" tu baada ya kulitaja kundi kwa jina.

4. Istilahi za kupaka rangi

Sasa tuyatazame maelekezo yenyewe. Mengi yana maneno tayari mikononi mwa mafundi wetu. Kazi ya mfasiri ni kuyaokota kabla ya kubuni mapya.

Sanamu hizi kwa kawaida hufikia urefu wa milimita 28 hivi. Kuziita "wanasesere" ni kuzifanya za kulea watoto. "Vinyago" vina uhusiano na uchongaji wa mti na unyago. Tunapendekeza kisanamu, wingi visanamu: udogo wake umo katika kiambishi, wala hakuna haja ya kusema "kijisanamu", kwa kuwa kiambishi hicho aghalabu huleta dharau. Uwiano wa kisanamu na mtu halisi uitwe skeli, kama katika somo la ramani.

Zamani vilitengenezwa kwa madini ya risasi. Mfasiri asiandike "askari wa risasi", kwani msomaji atamwona askari mwenye risasi nyingi. Neno "madini" lisidondoshwe. Siku hizi vingi ni vya plastiki au vya mchanganyiko wenye bati.

Bamba ambalo kisanamu kinasimama juu yake ni kitako, kama kitako cha chungu. Lakini bunduki nayo ina sehemu ya nyuma inayoegemezwa begani, na wengine huiita kitako vilevile. Maelekezo yanayosema "paka kitako rangi ya kahawia" yatamwacha mwanafunzi njia panda. Tutenganishe: kitako cha kisanamu, tako la bunduki.

Kitambaa kilichoandikwa LDV kisiitwe "kitambaa cha mkono", maana hicho ni cha kufutia jasho. Wala "utepe", maana tepe ni alama za cheo, kama tepe mbili za koplo. Kiitwe ukanda wa mkono.

Hatua za kazi ni hizi. Kisanamu huoshwa kwa maji na sabuni, na mabaki ya kiwandani huondolewa kwa kisu na msasa. Kisha hupakwa rangi ya kwanza inayoshika, ambayo mafundi rangi wa mitaani huiita praima. Neno hilo limekwisha kuenea, tulipokee. Baada ya hapo huja rangi ya msingi ya kila sehemu: sare, ngozi, mkanda, bunduki. Ikikauka, hupakwa rangi nyeusi au ya kahawia iliyozimuliwa sana, ambayo hutiririka na kutuama katika mikunjo ya nguo. Hiyo tunaiita rangi ya kivuli. Mwishoni, brashi hufutwa hadi ibaki karibu kavu, ikapitishwa juu ya miinuko ili iache rangi nyepesi. Hiyo ni brashi kavu, na rangi yenyewe ni rangi ya mwanga. Vanishi hufunga kazi.

Majina ya rangi yanataka uangalifu mkubwa zaidi. Kiswahili hutaja rangi nyingi kwa vitu: kijani ni jani, kijivu ni jivu, kahawia ni kahawa, zambarau na chungwa ni matunda, na damu ya mzee kila mtu anaijua. Utajiri huu hufaa sana katika kazi ya mikono, lakini kitu kinachotajwa lazima kiwe kimoja kwa mwandishi na msomaji. Chukua "kaki". Neno hili limetokana na neno la Kiajemi lenye maana ya vumbi. Kwa mwanafunzi wa Tanzania, kaki ni rangi ya kaptula ya shule na bahasha ya ofisini. Sare ya sufu ya Mwingereza wa mwaka 1940 nayo iliitwa kaki, ila ilikuwa nzito na ya kahawia iliyoelekea kijani. Mwanafunzi atakayefuata neno bila maelezo atawavika askari wa majira ya baridi nguo za nchi ya joto. Tunapendekeza kaki iliyoiva kwa sare hiyo, na kaki nyepesi kwa ile ya bahasha.

Kadhalika maelekezo yanasema "paka rangi ya mwili", na kopo la rangi hiyo lina rangi ya Mzungu. Mwanafunzi wa Busunzu akiangalia mkono wake atachukua rangi nyingine, naye atakuwa amesoma sawasawa. Iandikwe ngozi ya Mzungu, ili neno "mwili" lisiwe mali ya watu wa aina moja. Na Koplo Jones asipakwe "nywele za kijivu". Mzee huyo ana mvi.

Jambo la mwisho ni dogo kwa ukubwa lakini lina historia kubwa. Bunduki nyingi walizopewa walinzi hao zilitoka Marekani, na risasi zake hazikulingana na zile za bunduki za Kiingereza. Ili mtu asikosee akaikwamisha silaha yake, mstari mwekundu ulipakwa kuzunguka mti wa mbele wa bunduki. Mwanafunzi anayepaka mstari huo kwa ncha ya brashi anajifunza kwamba taifa lililokuwa na dola kubwa lililazimika siku hiyo kutegemea bunduki za nchi nyingine. Baadaye walitengenezewa visu vya bunduki vilivyochomelewa kwenye mabomba ya chuma, yaani mikuki. Hapo mwalimu hana haja ya istilahi mpya.

5. Muhtasari wa mapendekezo

Mgambo wa kujitolea: raia waliojitolea, wakafunzwa na kuwekwa chini ya jeshi la nchi kulinda mahali wanapoishi.
Askari mgambo: mmoja wa hao.
Kundi lenye silaha; mpiganaji: kwa wasio chini ya sheria ya nchi, badala ya "wanamgambo".
Kisanamu: sanamu ndogo ya skeli maalumu.
Kitako, tako la bunduki: bamba la kusimamia, sehemu ya nyuma ya silaha.
Ukanda wa mkono: kitambaa cha utambulisho kinachovaliwa juu ya mkono.
Praima, rangi ya msingi, rangi ya kivuli, rangi ya mwanga, brashi kavu, vanishi: hatua za kupaka rangi na vifaa vyake.
Kaki iliyoiva, kaki nyepesi: kaki ya sufu, kaki ya bahasha.

Haya ni mapendekezo, na hayajawa maneno sanifu. Walimu wayajaribu darasani, wafasiri wayapime katika hati, na watumishi wa wilaya za mpakani watueleze kama mgawanyo wa "mgambo" na "kundi lenye silaha" unawasaidia wanapoandika taarifa zao. Maoni ya hao wa mwisho tunayahitaji kuliko ya wengine, kwa sababu wao ndio wanaokaa meza moja na mtu anayeulizwa amemkimbia nani.